Kinga Haiuzwi kwa Kopo

Wanachuo wenzangu, naomba nianze na deni langu, maana bila hilo mtaona nawahubiria.

Mwaka wa kwanza, muhula wa pili, bumu limechelewa kama kawaida yake, nikaingia kwenye biashara ya makopo. Mnaijua. Rafiki anakualika kwenye "fursa", unafika ukumbini saa nane mchana na joto lote hili unakuta watu wamevaa suti. Mbele anasimama mtu anayeitwa Dokta, ila hasemi alisomea wapi. Anaongea saa mbili kuhusu sumu mwilini, mishipa iliyoziba, na jinsi hospitali zinavyotaka ubaki mgonjwa ili ziendelee kula hela yako. Mwisho unalipa kiingilio, unapewa makopo ya unga wa kijani na karatasi yenye orodha ya magonjwa, kuanzia vidonda vya tumbo hadi kukosa usingizi. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilitoka pale najiona mtu wa afya.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mdogo. Ni mwalimu wa shule ya msingi, kule Morogoro, darasa la pili, na ndiye aliyenifanya nichague ualimu. Alikuwa na presha kwa miaka mitatu na kila mwezi alichukua vidonge vyake kwa bima. Nilimpigia simu nikamsomea ile karatasi neno kwa neno. Akacheka, akasema, "Mwalimu mwenzangu, umeanza udaktari lini?" Lakini alinunua. Kopo mbili, elfu tisini na tano. Nadhani alinunua ili nipate hela ya kula.

Sikumwambia aache vidonge. Hilo nimelirudia kichwani mara nyingi sana. Lakini pia sikumwambia asiache, na ile karatasi ilisema mwili ukishasafishwa "unajitegemea". Akaviacha. Akajisikia vizuri tu, kwa sababu presha haiumi. Unaweza kuwa nayo ya kutisha na ukapanda daladala, ukafundisha vipindi sita, ukarudi ukapika. Baada ya wiki saba hivi alianguka mbele ya ubao. Kiharusi. Mkono wa kulia ukapooza.

Hospitali daktari alimuuliza nani alimwambia aache dawa. Nilikuwa nimesimama pale pale, miguuni mwa kitanda. Alisema, "Nilisahau kuzimeza."

Kwa hiyo ninayoandika hapa si ya mtu aliyesoma vitabu akaja kuwasema wajinga. Mjinga nilikuwa mimi.

Baada ya hapo nilikuwa na hasira na kila kitu chenye harufu ya "tiba lishe". Majani, mazoezi ya kupumua, juisi za asubuhi, vyote niliviweka kapu moja la utapeli. Lakini kuna kitu kilinisumbua. Yule mtu wa suti hakudanganya kila alichosema. Aliposema chakula tunachokula kinatuua polepole, alisema kweli. Aliposema msongo unapandisha presha, pia kweli. Sasa nikawa najiuliza, hivi hakuna daktari, daktari hasa mwenye shahada na leseni, aliyewahi kuyachukua mambo haya kwa uzito na kuyafanyia kazi ya kidaktari? Nikaanza kutafuta, mtandaoni na maktaba, wakati ambao nilitakiwa niwe napiga msuli wa saikolojia ya elimu. Nikakutana na Dean Ornish.

Huyu ni Mmarekani, alizaliwa 1953. Mwanzo wa habari yake utawagusa wengi humu. Alikuwa mwanachuo Rice University, Houston, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kijana mwenye akili kuliko wote kwao, akafika chuoni akakuta kila mtu ana akili. Akaingia kwenye sonona nzito, hadi akafikiria kujiua. Akaacha masomo, akarudi kwa wazazi wake Dallas. Kwa wakati huo huo wazazi walimkaribisha nyumbani Swami Satchidananda, mwalimu wa yoga kutoka India. Kutoka kwake kijana akajifunza kutulia, kupumua, kunyoosha viungo, kula mboga. Akapata nafuu, akarudi kusoma, akamaliza Chuo Kikuu cha Texas pale Austin, akaingia shule ya udaktari.

Mpaka hapa ni ushuhuda tu. Na ushuhuda, jamani, hata ukumbi wa makopo unao. Kila wiki anasimama mama mmoja kusema alikuwa hawezi kutembea. Tofauti inaanzia kwa alichofanya baadaye. Hakufungua duka. Mwaka 1977, bado ni mwanafunzi wa udaktari, alichukua likizo ya masomo akakusanya wagonjwa kumi wa moyo ili aangalie kama kubadili maisha kungewabadilisha chochote kinachopimika. Shahada ya udaktari aliipata 1980, akafanya mafunzo ya magonjwa ya ndani Boston, kisha mwaka 1984 akaanzisha taasisi ya utafiti wa tiba ya kinga huko Sausalito, California.

Utafiti uliompa jina ulitoka 1990 kwenye jarida la Lancet. Nitaueleza kwa kirefu kidogo kwa sababu ndani yake mna kila kitu ambacho mimi sikukijua nilipokuwa nauza makopo. Wagonjwa 48 wa moyo waligawanywa kwa bahati nasibu. 28 walipewa mpango mzima: chakula cha mboga, nafaka, kunde na matunda, ambapo mafuta hayazidi takriban asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula, kuacha sigara, mazoezi ya wastani, kutulia na kutafakari kila siku, na kukaa kwenye kikundi mara mbili kwa wiki wakaongea maisha yao. 20 waliobaki waliendelea na matibabu ya kawaida. Mwanzoni na baada ya mwaka mmoja wakapigwa picha za mishipa ya moyo, na waliozisoma hawakujua picha ipi ni ya mgonjwa wa kundi gani.

Matokeo? Wale wa kundi la mpango, ambao hawakutumia dawa za kushusha kolesteroli, kuziba kwa mishipa yao kulipungua kwa wastani kutoka asilimia 40.0 hadi 37.8. Wengine kuliongezeka kutoka 42.7 hadi 46.1.

Ziangalieni hizo namba tena. Pointi mbili na kidogo, kwa mwaka mzima wa kuacha nyama, kuacha vya kukaanga, kuamka kufanya yoga na kulia mbele ya watu usiowajua. Yule Dokta wa ukumbini aliniahidi mishipa safi kwa siku ishirini na moja! Mara ya kwanza nilipoziona nilivunjika moyo. Nilitaka muujiza. Nikakaa nazo siku kadhaa ndipo nikaelewa kwamba udogo ule ndio alama ya ukweli. Mtu aliyepima kweli anakuletea pointi mbili. Na pointi mbili hizo zilikuwa habari kubwa, kwa sababu madaktari wengi waliamini mshipa ukishaanza kuziba hauna kurudi nyuma. Waliwafuatilia hadi miaka mitano, na ripoti ya 1998 ikaonyesha nafuu imeendelea kukua, huku kundi la kawaida likipata matukio ya moyo zaidi ya mara mbili ya wenzao.

Kazi yake ina mapungufu, na wakosoaji wake wameyasema. Watu 48 ni wachache, hata seminari zetu zina watu zaidi ya hapo. Alibadili mambo matano kwa pamoja, kwa hiyo huwezi kujua lililofanya kazi ni mchicha, ni mazoezi au ni kile kikundi. Halafu nani anaweza kula hivyo maisha yake yote? Ornish mwenyewe ameuza vitabu vingi na si maskini. Haya yote yanasemwa hadharani, kwenye majarida yale yale, na yeye anajibu. Mimi katika semina zangu zote za makopo sikuwahi kusikia mtu akiuliza swali lenye "lakini".

Sehemu ya maisha yake ninayoipenda zaidi haina hata mgonjwa mmoja. Ni ya makaratasi. Alitaka bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, Medicare, ilipie mpango huu kama inavyolipia upasuaji. Bima ilikuwa tayari kulipa maelfu ya dola mtu apasuliwe kifua, ila haikuwa tayari kulipa mtu afundishwe kula, kutembea na kutulia. Ilikubali mwaka 2010, miaka ishirini baada ya Lancet. Miaka yote hiyo ya kuitwa kwenye vikao, kutuma takwimu, kuambiwa leta nyingine. Mwaka huo huo, 2010, Bill Clinton, ambaye alishapasuliwa moyo 2004, alirudi kuwekewa vibomba vya kupanua mishipa, na baada ya hapo ndipo akabadili chakula kikweli, Ornish akiwa mmoja wa washauri wake. Rais mzima wa Marekani, mwenye kila daktari duniani, naye ilibidi ashtuliwe mara mbili.

Sasa tuje kwetu, kwa sababu hapa ndipo habari inapokuwa chungu. Chakula ambacho Wamarekani walikuwa wanafundishwa kwa gharama ni nini? Nafaka isiyokobolewa, maharage, majani, matunda, mafuta kidogo. Hicho ni chakula cha bibi yangu. Na hili madaktari waliliona hapa hapa Afrika Mashariki mapema kabisa. Hugh Trowell, daktari Mwingereza, alifanya kazi Kenya na Uganda kwa takriban miaka thelathini, muda mrefu akiwa hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1960 alitoa kitabu kizima kuhusu magonjwa yasiyoambukiza Afrika, na jambo moja lililomshangaza ni jinsi ugonjwa wa mishipa ya moyo ulivyokuwa adimu mawodini kwake wakati kwao Uingereza unaua watu kila kukicha. Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago, yule ambaye jina lake limebaki kwenye saratani ya watoto, naye aligeukia suala la nyuzinyuzi kwenye chakula. Mwaka 1975 wawili hao walihariri pamoja kitabu kuhusu vyakula vilivyokobolewa na magonjwa yanayofuatana navyo. Ushahidi wao waliutoa kwenye sahani za babu zetu.

Na sisi? Nendeni pale nyuma ya hosteli saa mbili usiku mkaone foleni ya zege. Chipsi, mayai mawili, chumvi mpaka inang'aa, soda ya baridi pembeni. Mimi mwenyewe nipo kwenye hiyo foleni, msinitazame vibaya. Kipindi cha UE tunaishi kwa vinywaji vya kuongeza nguvu na kulala saa tatu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha iliyomo ndani ya mkate na mchuzi. Sahani moja ya zege sijui inabakisha nini. Tunakula hivyo miaka mitatu, halafu mtu anakuja kutuuzia unga wa kijani wa mboga ambazo tumezikataa kafteria kwa shilingi mia tano.

Lakini sitaki niishie kwenye kulaumu wauza makopo, maana rafiki yangu mmoja wa Kitivo cha Sayansi, ambaye bado yumo kwenye biashara hiyo, aliniambia kitu tukiwa kwenye vimbweta na sikuwa na jibu la haraka. Alisema: "Wewe, hospitali unapanga foleni tangu saa kumi na mbili, daktari anakuona dakika tatu, hakuangalii hata usoni. Mimi namsikiliza mteja saa nzima. Nampigia simu kumuuliza amelalaje. Sasa nani anamjali?"

Ana hoja. Mama mdogo alichukua dawa miaka mitatu na hakuna mtu aliyewahi kukaa naye akamweleza kwa nini azimeze hata siku anazojisikia mzima. Alikuwa anapewa pakiti, anasaini, anaondoka. Mimi mpwa wake nilikuwa mtu wa kwanza kuzungumza naye kuhusu presha kwa dakika arobaini, na nilizungumza uongo. Pengo lile ndilo tulilolijaza. Ukiangalia vizuri, hata ule mpango wa Ornish ulilitambua: kile kikundi cha kuongea hakikuwekwa kama mapambo, kilikuwa sehemu ya tiba.

Hiyo ndiyo tiba jumuishi ninayoielewa mimi. Haina maana ya kuchanganya kidonge na jani ndani ya kikombe kimoja. Ni daktari kumuona mgonjwa pamoja na jikoni kwake, usingizi wake, madeni yake na majani anayochemsha, halafu akavipima vyote kwa kipimo kimoja bila upendeleo. Na wala si jambo la kuazima Marekani. Muhimbili ilianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili tangu 1974, na sasa ni taasisi kamili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tunayo tangu 2002, pamoja na baraza lake. Kwa hiyo anayekuambia kwamba serikali na madaktari wanazificha dawa za asili, mwambie zina jengo na zina sheria, aende akasajili ya kwake.

Daktari anayemuona mama mdogo sasa ni kijana tu, sidhani kama ana miaka thelathini na tano. Siku ya kwanza nilimsindikiza. Kabla hajagusa mashine alimuuliza, "Mama, nyumbani unatumia nini kingine? Mlonge? Kitunguu saumu? Chai ya majani gani? Niambie tu, sitakugombeza." Mama mdogo akanitazama, kisha akataja vyote. Daktari akaandika kila kimoja. Akatueleza kwamba yapo majani yanayoweza kushusha presha juu ya dawa ikashuka kupita kiasi, na kwamba hata balungi, tunda hili la kawaida, linaweza kuongeza nguvu ya baadhi ya dawa za presha na za kolesteroli mwilini. Mlonge alimruhusu kama mboga ya mezani, si kama dozi. Akamwambia apunguze chumvi taratibu ili ulimi uzoee, atembee jioni hadi sokoni na kurudi. Vidonge, kila siku, awe mzima awe mgonjwa. Kisha akamuuliza swali ambalo sikulitegemea: "Nani anakusaidia kuvaa asubuhi?" Hakuuza chochote. Tulitumia kama dakika ishirini na nje watu walikuwa wananung'unika.

Najua hawezi kumpa kila mtu dakika ishirini, atafukuzwa. Ndiyo maana nasema kinga haiwezi kuwa ya daktari peke yake, na hapa nasema na nyie wa elimu wenzangu. Kumfundisha mtu kwa nini ameze kidonge asichokihisi ni kazi ya kufundisha. Ni ile ile tunayofanyia mtihani: unaanza na anachokijua, unamuuliza ameelewaje, unarudia. Tukienda mazoezi ya kufundisha huko wilayani, tutakuwa na watoto arobaini hadi mia mbele yetu na kila mmoja ana bibi mwenye presha nyumbani. Mada za afya zimo kwenye vitabu vyao, ila tunazipita haraka kwa sababu mtihani hauziulizi sana.

Na kwa serikali ya wanafunzi nina maombi mawili, ya kawaida kabisa. La kwanza, ukumbi wetu usikodishwe tena kwa semina za makopo mpaka mwenye semina alete cheti cha usajili wa bidhaa na anayejiita Dokta alete leseni yake. Kama ni halali haitamchukua hata siku mbili. Najua ukodishaji unaingiza hela kwenye mfuko wa michezo, tutafute nyingine. La pili, zahanati ya chuo ina mashine ya kupima presha ambayo mchana inakaa bure. Itolewe siku moja kwa wiki pale karibu na kafteria, na wenzetu wanaosomea uuguzi wakae na mtu sio kumpima tu bali kumsikiliza. Nilikwenda kupima mwenyewe mwezi uliopita, kwa mara ya kwanza maishani. Nina miaka 22 na nilikuta 138 kwa 88. Nesi akasema nirudi nipime tena baada ya wiki mbili, nisikimbilie kujiita mgonjwa, ila zege nilipunguze. Nimepunguza. Sijaacha.

Ile elfu tisini na tano nilimrudishia mama mdogo kwa mafungu matatu. Fungu la mwisho alilikataa, akasema ninunue viatu vya kufundishia. Amerudi kazini tangu Januari, wamempa darasa dogo. Anaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zilizopinda, na watoto wake wa darasa la pili, anavyoniambia, wameanza kuzipindisha za kwao vile vile.

Hoja hii nimeshaiandika na kumkabidhi mbunge wa kitivo chetu. Bunge linakaa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni, ukumbi ule ule.